Kidonge cha Arobaini na Saba

Kottayam, mwezi wa saba. Mvua imelishika bati tangu Jumanne
na haina nia ya kuliachia.
Thresiamma anachanganya masizi na mpira.
Wachanganyaji hasa ni rola mbili za chuma;
yeye husimama na kisu, hukata shuka lile jeusi,
hulikunja, hulirudisha kinywani mwa mashine.
Sehemu mia za mpira. Hamsini za masizi.
Kiberiti, mbili na nusu:
si kile cha kuwashia jiko, bali unga wa manjano
unaojificha kwenye kucha mpaka Jumapili,
mpaka padri anapomwekea hostia kiganjani.

Wakubwa wanataka mpira wa kulaza chini ya daraja,
pale boriti inapokalia nguzo,
ili treni ya mizigo ipite saa nane usiku
na mpira ubonyee, urudi,
ubonyee, urudi,
miaka sitini.
Kurudi ndilo neno lote la kazi hii.
Kuvutika?
Hata kamasi huvutika.

Samaki mkunje angali mbichi. Na utomvu vilevile.
Ukiwa mbichi ni nyuzi ndefu zisizojuana,
kama watu wa stesheni, kila mmoja na safari yake;
ndani ya tanuri kiberiti hupita kikifunga,
huyu na yule, mkono kwa mkono.
Ukifunga wachache, mzigo utawatawanya.
Ukifunga wengi mno, umetengeneza kwato.
Katikati pana njia nyembamba
na Thresiamma anaitafuta mwaka wa sita sasa.

Kidonge cha arobaini na saba:
unene, milimita kumi na mbili na nusu.
Akakibana robo ya unene wake kati ya mabamba,
akakitia jotoni, saa ishirini na mbili, nyuzi sabini.
Akakifungua. Akakilaza juu ya ubao. Nusu saa, kipumue.
Maikromita ikasema kumi na moja nukta tano tatu.
Akapima tena, kana kwamba chuma huona haya.
Asilimia thelathini na moja ya kubanwa kule haikurudi.
Kikomo ni ishirini na tano.
Akaandika kwa kalamu nyekundu, akakitia kidonge mfukoni.

Nyumbani, mzee Ouseph amekaa kitandani na redio.
Aligema miaka thelathini na minane,
miti mia tatu kabla ya jua, taa kwenye paji la uso,
kisu mkononi, kile kile, kwa pembe ile ile,
gome tu, usiguse mti wenyewe.
Kisu kiliuzwa zamani. Mkono haujapata habari:
vidole vitatu bado vimekishika.
Thresiamma anavikanda kwa mafuta ya nazi, anavinyoosha,
anaviachia, anavitazama vikijikunja,
na, Mungu amsamehe, anapiga hesabu.
Asilimia sitini. Labda sabini.
Hakuna aliyemwekea yeye kikomo.

"Umeleta nini?"
"Kilichoshindwa."
Mzee anakibonyeza kwa gumba, anakinusa,
anakigusa mdomoni kama mtu anayejaribu uji.
"Mmekipika sana," anasema. "Kina hasira."
Kisha anainama, polepole, mgongo ukilalamika,
anakisukuma chini ya mguu wa kitanda,
ule mfupi, uliokuwa ukigonga sakafu kila akigeuka
tangu mkewe alipokuwa hai na kulalamika.
Anajilaza. Anageuka kushoto. Anageuka kulia.
Kimya.
"Huyu hajashindwa," anasema, na kufunga redio.

Thresiamma hana jibu. Daraja si kitanda,
na treni haipimwi kwa usingizi wa mzee mmoja.
Jikoni, chini ya balbu, anafungua daftari:
Arobaini na nane. Kiberiti, nusu tu.
Kichocheo, ongeza.
Mkono wake wa kulia umeishika kalamu.
Anauweka chini kalamu ikiwa bado ndani,
anaufungua, kidole baada ya kidole,
anasubiri nusu saa.